Mama Mkwe, Mzani na Ndege Iliyokaa Kitako

Chekeni kwanza mmalize, maana najua habari zimeshawafikia na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, juzi tu pale stendi ya Korogwe mtu nisiyemjua alinieleza (mimi mwenyewe, mkasa wangu mwenyewe!) kwamba ndege ilipinduka magurudumu juu na mama mkwe wa mtu akatokea dirishani, nikamwambia hapana ndugu yangu, haikupinduka, ilikaa kitako tu, akaniuliza wewe umejuaje, nikanunua machungwa yangu nikaondoka. Kwa hiyo leo nasimulia mwenyewe, kama ilivyokuwa. Aibu ni yangu na nimeshaizoea.

Kwa wasionifahamu, naitwa Mhina, kwetu ni Misima kule Handeni, ila kazi yangu iko Korogwe, kwenye kiwanja cha ndege cha shamba moja la mkonge, upande wa kwenda Makuyuni. Ukisikia kiwanja cha ndege usifikirie vioo na ngazi za umeme. Ni majani yaliyofyekwa, mfuko wa upepo juu ya mlingoti, banda la bati, mzani, na mimi. Mimi ndiye wakala, mimi ndiye mpokea mizigo, mimi ndiye mfukuza mbuzi, mimi ndiye zimamoto (nina mtungi mmoja mwekundu, namshukuru Mungu sijawahi kuufungua). Na ndege yenyewe ni moja, ndogo, ya injini mbili, mali ya kampuni ya watu wa Dar, inakuja mara mbili kwa wiki ikitokea Handeni, inatua kwetu, inapitia Tanga, inarudi zake Dar. Sisi tunaiita Punda. Rangi imebabuka, kiti kimoja kimeshonwa kwa uzi wa mkonge, lakini mzigo haikatai: chanjo za ng'ombe, vipuri vya korona (ile mashine ya kuchakata mkonge, msishtuke), vifaranga, na siku moja ilibeba keki ya harusi ya ghorofa tatu, bibi harusi ameikumbatia njia nzima kwa sababu hakumwamini mtu.

Ila Punda ana sharti moja, na sharti lenyewe ni uzito. Kila abiria anapanda mzani, na kila mzigo unapanda mzani, halafu mimi nasoma kilo kwa sauti ya juu ili rubani wetu, Kapteni Neema, asikie hata akiwa juu ya bawa anakagua mafuta, kisha yeye anapiga hesabu na kumwambia kila mtu kiti chake, wazito mbele karibu na mabawa, wepesi nyuma. Na chini ya mkia tunaweka stuli ya chuma mpaka watu wote wawe wamekaa, kwa sababu nyuma kukijaa na mbele kuko tupu, mkia unashuka na pua inaangalia mbinguni. Hayo yote nayajua. Nimefundishwa, nimeelewa, nimewafundisha hata wengine. Naomba mlikumbuke hilo tutakapofika mbele.

Sasa kazi ya kusoma kilo za watu hadharani inakupa umaarufu wa kijinga. Watu wanakuja kusikiliza. Wanakijiji, wakata mkonge wakiwa mapumzikoni, akina mama wauza maandazi, wote wanasimama pale wakisubiri nitangaze kama matokeo ya mpira, na mimi, ulimi wangu haujawahi kuwa na breki, nikawa mchekeshaji. Ndipo jioni moja, kijiweni kwenye kahawa, mtu akaniuliza hivi huyo Punda wenu kuna mtu asiyeweza kumbeba? Nikamjibu, kikombe mkononi, bila hata kufikiri: "Anabeba wote isipokuwa mama mkwe wangu. Yule akipanda, Punda anakaa kitako anagoma."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Nikajiona mjanja. Utani ule ulipanda mlima kwenda Bungu, kwa wakwe zangu, haraka kuliko gari lolote, na kesho yake jioni niliporudi nyumbani nikamkuta mke wangu, Mwanaidi, amekaa kitandani na begi lake jekundu limeshafungwa zipu. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mama yangu umemfanya kichekesho cha wanywa kahawa," akabeba begi, akaenda kwao. Hiyo ilikuwa miezi miwili kabla ya siku ninayowasimulia, na katika miezi hiyo miwili simu zangu hakupokea, nami nikaishi kwa chipsi mayai za pale stendi, mchana na jioni, na asubuhi zikibaki.

Lazima niwaeleze jambo la ukwe, maana bila hilo mtaniona mwendawazimu tu. Kwetu Wazigua, na kwa Wasambaa vilevile, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono, humtazami usoni, huli mbele yake, hukai naye mkeka mmoja, mkikutana njiani wewe ndiye unayepisha, unaingia hata kwenye majani, unatazama chini, "Shikamoo mama," "Marahaba baba," kila mtu na safari yake. Vijana wa siku hizi wanapiga selfi na wakwe zao na siwalaumu, lakini mama yake Mwanaidi ni mtu wa Bungu ya zamani, na mimi katika miaka yote ya ndoa yangu namfahamu kwa miguu yake kuliko kwa sura. Sasa mtu huyo ndiye niliyemtania uzito. Hata mimi nikijisikiliza naona aibu.

Wokovu ulikuja kwa simu ya kaka yake Mwanaidi. Akasema dada yao mkubwa amejifungua huko Dar, mama anataka kwenda kumlea mzazi, lakini mgongo wake hauwezi basi. "Kampuni yenu si huwa wanawapa nafasi ya ndugu mara mojamoja? Mpandishe mama. Akipaa salama, yale maneno yako yatakuwa yamekufa yenyewe." Nikaona akili ya shemeji yangu ni kubwa. Nikaomba nafasi, nikapewa, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, Mwanaidi mwenyewe akanipigia.

"Namleta mama mimi mwenyewe," akasema. "Na begi langu nakuja nalo. Mama akiondoka na heshima yake, naenda nyumbani na wewe. Kukitokea kichekesho, Mhina, hata kidogo, napanda gari lilelile narudi Bungu, na usinifuate."

Siku yenyewe niliamka mapema, nikapiga shati pasi, nikafagia kiwanja (majani, nilifagia majani!), nikawafukuza mbuzi mpaka wakashangaa leo kuna nini. Watu walianza kujaa mapema, wengi kuliko siku zote, mpaka wale wa kiwandani, na mimi kwa upumbavu wangu nikafikiri wamependa shati. Kumbe habari ilishaenea kwamba mama mkwe wa Mhina leo anapanda Punda. Walikuja kuona kama nilisema kweli.

Gari kutoka Bungu likafika. Nikaona miguu ya mama mkwe ikishuka, raba nyeupe safi, juu yake kanga, juu zaidi sijui, sikutazama. Akashuka Mwanaidi na begi lake jekundu, akaliweka chini kando ya gari, karibu kabisa na mlango, mahali ambapo kulirudisha ndani ni kazi ya mkono mmoja tu. Halafu kikashuka kikapu. Kikapu kile kilishushwa na watu wawili, na kilipogusa ardhi kilitoa sauti ambayo vikapu huwa havitoi.

"Shikamoo mama," nikaiambia raba.

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo mama."

Basi, tukawa tumemaliza maongezi yetu ya mwaka mzima.

Punda akatua vizuri, vumbi kidogo, akaja mpaka kwenye banda, injini zikazimwa. Ndani kulikuwa na abiria watatu tu kutoka Handeni: mafundi wawili wa mitambo, watu wa miraba minne waliopangwa mbele kabisa, na Mzee Saning'o, mfugaji wa kule nyikani, mrefu na mwembamba kama fimbo yake, ambaye alikuwa anakwenda Dar kwa mambo ya dawa za ng'ombe na ilikuwa ndege yake ya kwanza maishani. Wale mafundi wakashuka hapohapo wakasema wanakwenda kuchimba dawa, wakaingia kwenye mkonge (kwenye mkonge, jamani, na miiba ile, kwa hiyo walikwenda polepole). Nikaweka stuli ya chuma chini ya mkia kama inavyotakiwa. Mpaka hapo mimi bado ni mfanyakazi mzuri.

Kapteni Neema akapanda kwenye bawa kupima mafuta, jicho moja kwenye mawingu yaliyokuwa yanajikusanya upande wa Usambara, na ikafika zamu ya mzani. Nikautazama mzani. Nikawatazama watu. Wote walikuwa kimya, kimya kile cha watu walioshikilia kicheko mdomoni. Nikamtazama Mwanaidi, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Nikawaza: nimwambie mama mkwe apande pale, mshale uende, na mimi nitangaze kwa sauti? Mbele ya wanywa kahawa walewale? Hapana. Nikafanya uamuzi, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu, wa mtu mwenye adabu zake: nikauburuta mzani nyuma ya banda, nikaufunika turubai.

"Mhina!" Kapteni Neema akaita kutoka juu. "Abiria wako kilo ngapi?"

"Hamsini na tano!"

Mtu mmoja kwenye umati akakohoa.

"Na mzigo wake?"

"Humohumo, kapteni!"

"Humohumo kwenye nini?"

"Kwenye hamsini na tano! Ni kikapu cha mboga tu!"

Kapteni Neema ni binti wa maneno machache na mimi sikuwahi kumdanganya tangu aanze kuja kwetu, kwa hiyo hakugeuka hata kumtazama abiria, alikuwa na mawingu yake. "Basi akae kiti cha mwisho nyuma, mbele ni pa wazito. Kikapu weka mkiani."

Nikafurahi. Mnaona jinsi uongo mdogo unavyokwenda vizuri mwanzoni? Tatizo lililofuata ni kwamba mlango wa Punda uko nyuma na ngazi yake ni chuma chembamba kilicho juu kidogo, na mgongo wa mama mkwe hauruhusu kunyanyua mguu hivyo. Akasimama pale chini, raba zikigeuka huku na huku. Nikaangaza macho kutafuta kitu cha kukanyagia. Na hapo chini ya mkia, imara, ya urefu uleule unaotakiwa, ikaniangalia ile stuli ya chuma. Nilikuwa nimeshadanganya kwa ajili ya heshima, sasa nikaiba stuli kwa ajili ya heshima. Nikaichomoa, nikaiweka mlangoni, Mwanaidi akamshika mama yake mkono, mama akapanda vizuri kabisa, akaenda kiti cha mwisho akakaa. Mimi na kijana mmoja wa kiwandani tukakisukuma kile kikapu mkiani (kijana akaniuliza, "Hizi ni mboga gani?", nikamwambia funga mdomo). Punda akatoa mlio mdogo, kwiii. Nikasema huo ni upepo.

Mwanaidi akatabasamu. Nawaambia ukweli, alitabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo, na moyo wangu ukaruka. Akasema mama amesahau mkoba kwenye gari, akaenda kuufuata. Na Kapteni Neema, akishuka kwenye bawa, akasema, "Waite hao mafundi, tuondoke kabla ya mvua. Na mfunge abiria wako mkanda."

Nikasogea mlangoni, macho chini.

"Baba," sauti ya mama mkwe ikatoka ndani, "haka kamkanda kanaingia wapi?"

"Kwenye hicho chuma, mama."

"Chuma kipi? Hapa nina vyuma viwili."

"Kimoja kinaingia kwenye kingine, mama."

"Vyote havitaki."

Nikamgeukia Mzee Saning'o, aliyekaa viti vya katikati, nikamwomba amsaidie mama. Akanijibu kwa upole kwamba yeye mwenyewe amefungwa tangu Handeni na hajui kufunguka. Nikatazama nyuma, Mwanaidi bado yuko kwenye gari, amepekua viti vyote. Nikatazama mbele, Kapteni anaangalia saa. Sasa nifanyeje? Niingie, nimwinamie mama mkwe, nimshike kiunoni, uso kwa uso? Wazee wa Misima wangenitangazia msiba.

Ndipo nikapata wazo. Naomba mnivumilie, wakati ule lilionekana wazo zuri. Nitaingia kinyumenyume. Nikigeuza mgongo sitamwona, nisipomwona sijakosa adabu, mkono nitaunyoosha nyuma taratibu na yeye atanikabidhi zile ncha mbili za mkanda, niziunganishe bila kutazama. Nikapanda kwenye stuli, nikatanguliza makalio, nikaingia ndani ya ndege nikirudi nyuma hatua kwa hatua, nimeinama, nikisema, "Samahani mama, napita, samahani, nakuja."

Punda akatoa mlio mwingine, huu mrefu.

Niliona ajabu kwanza kwenye kioo cha mbele cha rubani. Kilikuwa na shamba la mkonge ndani yake. Kisha mkonge ukashuka ukaondoka, ikaja milima, nayo ikashuka ikaondoka, yakabaki mawingu matupu. Haikuwa haraka. Ilikuwa polepole, kwa utulivu, kama mtu mzima anayekaa kitini baada ya kutwa ndefu. Halafu, puu, mkia ukafika chini, miguu yangu ikaniacha, nikateleza kinyumenyume kwenye njia ya katikati, na nikakaa.

Nilikaa mapajani mwa mama mkwe.

Nilikuwa natazama juu, kwenye dari ya Punda, na juu ya kichwa changu nilikuwa nasikia pumzi ya mtu ambaye kwa mila zangu sitakiwi hata kukanyaga kivuli chake. Kule katikati Mzee Saning'o, amelala chali kwenye kiti chake, fimbo kifuani, akauliza kwa sauti tulivu kabisa:

"Tumeshapaa?"

Na huko nje kikapasuka kicheko ambacho nadhani Handeni walikisikia. "Amekaa! Punda amekaa kitako! Mhina alisema! Alisema!"

"Baba," akasema mama mkwe juu ya sikio langu, "unanilemea."

Nikajaribu kuinuka. Sakafu ilikuwa mlima, viatu vyangu nilikuwa nimevipaka rangi kwa heshima ya siku, nikapanda hatua mbili, nikateleza, nikarudi palepale. Nikajaribu tena, nikarudi tena. Mara ya tatu mama mkwe mwenyewe akanisukuma mgongoni kwa mikono miwili, kwa nguvu za mtu aliyelima mlimani maisha yake yote, nikashika kiti cha Mzee Saning'o nikakikumbatia. Hapo ndipo uso wa Kapteni Neema ulipotokea mlangoni.

"Mhina," akasema. "Stuli yangu iko wapi?"

"Mama ameikanyagia," nikasema.

Wale mafundi wakatoka mkonge mbio wakifunga mikanda ya suruali, Kapteni akawapanga watu chini ya mkia, moja, mbili, tatu, wakaunyanyua, stuli ikarudi mahali pake, na sisi watatu tukashuka, mama mkwe kwa heshima, Mzee Saning'o kwa msaada wa kufunguliwa mkanda, na mimi nyuma. Kapteni akalala chini kabisa kwenye majani kuukagua mkia, wale mafundi pamoja naye, akapiga simu Dar, akakagua tena. Kuna chuma kule chini cha kuukinga mkia, kimewekwa kwa ajili ya watu kama mimi, kilikuwa kimechubuka rangi na kushika majani, basi. Mimi sikuwa naangalia mkia. Nilikuwa naangalia mkono wa Mwanaidi, ambao ulikuwa umeshashika begi jekundu, na dereva ambaye alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

Kapteni Neema akainuka, akajipangusa magoti. "Hamsini na tano," akasema, si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Mimi na watu wangu tunapaa juu ya milima kwa neno lako, Mhina. Siku nikikosea kwa sababu yako, haitakuwa kichekesho. Mzani uko wapi?"

Sikuwa nimewaza hilo. Nakiri, tangu asubuhi nilikuwa nawaza begi, utani, raba nyeupe, kila kitu isipokuwa hewani kule juu, ambako mama yake mke wangu alikuwa anakwenda akiwa ameketi juu ya uongo wangu. Nikaenda nyuma ya banda, nikautoa mzani, nikauleta mbele ya watu wote.

"Kapteni," nikasema, "mama asipimwe hapa, tafadhali. Tumpime ndani ya banda."

"Kwa nini?" Sauti ilikuwa ya mama mkwe. Alikuwa amesimama nyuma yangu, akijifunga kanga upya kiunoni. "Nimezaa watoto saba, kila mmoja nimepimwa naye kliniki, na mzani haujaning'ata hata siku moja. Nani alikwambia nauogopa? Nikiogopa, naogopa midomo ya watu. Sogea."

Nikasogea, nikageuza uso. Akapanda. Kapteni Neema akasoma, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimegeuza uso, akasoma kwa sauti kama ninavyosoma mimi: "Sabini na sita!"

Umati ukaguna. Walitegemea makubwa. Kuna hata mmoja alisema, "Basi, hiyo tu?", kama mtu aliyekatiwa tiketi ya mechi ikaisha sare.

Kikafuata kikapu, nacho kikafunuliwa. Juu mboga kweli, matembele, chini yake maharage ya Bungu, chini ya maharage ndizi, na chini ya ndizi kinu. Kinu cha mti, kizima, na mchi wake. Kapteni akamtazama mama mkwe.

"Mzazi anahitaji uji wa unga uliotwangwa," mama akasema. "Huko Dar wanatwangia nini?"

Watu walianza kucheka tena, na mimi nikajua kwamba limekwisha, begi linaingia garini, lakini mama mkwe akanyoosha mkono na wote wakanyamaza. Mwanamke yule angeweza kuwa hakimu.

"Ngojeni," akasema. "Mimi nilipanda, nikakaa, huyo Punda wenu akatulia. Kikapu changu kikapanda, akatulia. Amekaa chini nani alipoingia?"

Macho yote yakanigeukia mimi.

"Mpimeni na yeye."

Jamani, sijawahi kusikia watu wakifurahi vile. Nilisukumwa mpaka juu ya mzani na mikono ambayo sikuiona. Mshale ukaondoka pale mwanzoni ukaenda, ukapita kilo za mama mkwe bila hata kupunguza mwendo, ukaendelea, mimi nikajaribu kubana pumzi kama pumzi ina kilo, ukaendelea. Miezi miwili ya chipsi mayai yote ilikuwa pale. Kapteni Neema akainama, akasoma, akainuka, akavuta pumzi, na kwa sauti yangu mimi, ile ya kutangaza matokeo ya mpira, akatangaza:

"Mia moja na tatu!"

"Amegoma kumbeba Mhina!" mtu akapiga kelele, na nilipoangalia alikuwa yuleyule aliyemwaga kahawa siku ile. Mzee Saning'o akaja taratibu, akanizunguka mzima, akanitazama kama anavyotazama dume mnadani, akasema, "Huyu angefika bei nzuri." Hata Kapteni Neema akageuza uso kuelekea mlimani, mabega yake yanatikisika.

Na katikati ya kelele zile nikasikia sauti moja niliyoijua. Mwanaidi alikuwa anacheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akaweka begi chini ili acheke vizuri, kisha akalikalia, kichwa kwenye magoti, machozi yanamtoka. Miezi miwili sikuwa nimeisikia sauti ile ndani ya nyumba. Sikujali tena watu. Nilisimama juu ya mzani na kilo zangu mia na tatu nikatamani hata kulia.

Mama mkwe akapewa kiti kingine, cha mbele, nyuma tu ya wale mafundi, na Mzee Saning'o akasogezwa nyuma kwenye viti vya wepesi. Maharage yakapanda, ndizi zikapanda. Kinu kikashindikana.

"Kibaki," mama mkwe akasema, akiwa ameshafungwa mkanda na bintiye. "Apewe mkwe wangu, atwange, apungue. Na mbuzi wa faini ya kunikalia, wazee wa kwao wataniletea jibu. Wewe Mwanaidi, nenda nyumbani kwako. Ukimwacha na hizo chipsi mwezi mwingine hatapita mlangoni."

Injini zikawaka, stuli nikaitoa mimi mwenyewe, kwa wakati wake, mbele ya mashahidi. Punda akakimbia kwenye majani, akainuka vizuri, akapinda upande wa Tanga. Watu wakapiga makofi. Mimi nikabeba begi jekundu mkono mmoja na kinu begani, na Mwanaidi akatembea nyuma yangu njia nzima akiniambia nisikae popote.

Mbuzi nilimlipa. Kazi sikufukuzwa, Kapteni alinitetea, ila kwa sharti lake: kila Punda anapotua, kabla ya abiria yeyote, wakala anapanda mzani kwanza na kutangaza kilo zake mwenyewe. Na sijawahi tena kukisia kilo za mtu, awe mkwe, awe sheikh, awe mtoto mchanga, na pale kijiweni nikiulizwa habari za Punda najibu kwamba ni ndege, ina injini mbili, kwaheri.

Mama mkwe alirudi arobaini ya mtoto ilipokwisha. Punda akatua, raba nyeupe zikashuka, kwa stuli nyingine niliyochonga mwenyewe kwa ajili hiyo. Abiria anayeshuka hapimwi, kila mtu anajua, lakini raba hazikwenda kwenye gari. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mzani zikasimama kando yake.

"Shikamoo mama," nikasema, macho chini.

"Marahaba baba. Kinu kinafanya kazi?"

"Kinafanya, mama."

"Haya," akasema. "Panda tuone."